Magunia Ishirini ya Ruz

Heri kujikwaa ulimi kuliko kujikwaa kidole. Najua waliotutangulia walisema kinyume chake, lakini wao hawakulima mpunga Rejaf, karibu na Juba. Kwenye jaruba unaingia pekupeku, maji yamekufika nusu ya muundi, na kidole ukikikwaza kwenye kisiki cha tete, jeraha linakaa majini wiki tatu linaoza. Mama Teresina aling'oka ukucha wa dole gumba mwezi wa saba, na hadi mavuno ulikuwa haujaota. Mimi nilijikwaa ulimi mara moja tu mwaka ule wa 1975, au ndivyo walivyosema wenzangu, na ulimi huo ndio uliotupa shamba.

Tulikuwa wanawake kumi na saba, wote tuliorudi baada ya vita kwisha. Kurudi nyumbani ni neno tamu mpaka ufike. Mama Teresina, mwenyekiti wetu, aliondoka Juba akiwa na mume na nyumba. Alirudi kutoka Uganda na sufuria mbili, na kwenye kiwanja chake akakuta watu wengine wameanika nguo. Akawa analala kwa binamu yake, mtaa wa Hai Malakal, mtu mzima wa miaka hamsini, kila asubuhi anakunja mkeka ili wenye nyumba wapate pa kupita.

"Mimi nachoka kuomba ruhusa ya kuweka mafiga," alikuwa akisema.

Mimi jina langu Keji. Familia yangu nayo ilikimbilia Uganda, ila mimi nilipata nafasi ya masomo Morogoro. Nilikaa huko miaka mitatu, nikarudi na diploma ya kilimo na Kiswahili ambacho sikuwa tayari kukivua mpakani kama koti la mvua. Ofisi ya mashamba ikaniajiri niwafundishe wanawake wa Rejaf, chini ya mkaguzi mmoja aitwaye Bwana Fortunato. Kwa Kiarabu cha Juba mkaguzi ni mufatish, na yeye alilipenda neno hilo kuliko jina alilobatizwa. Shati lake lilikuwa na mikunjo ya pasi inayoweza kukata nyama. Kiswahili alikichukia. Alisema ni lugha ya kambi za askari wa Uganda, lugha ya kuamrisha watu walale chini.

Ardhi yenyewe ilikuwa bonde la chini kando ya mto, udongo mweusi, maji yanatuama miezi mitano. Aliyepanda mtama pale alivuna vyura. Mimi nilipoliona nilitaka kulilamba. Tukaliomba, na ofisi ikasema sawa, msimu mmoja wa majaribio: mkileta magunia ishirini ya ruz ifikapo Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, bonde ni lenu. Msipoleta, atapewa Albino, achimbe udongo wa matofali. Albino alikuwa shemeji yake mufatish. Hilo halikuandikwa kwenye karatasi.

Karatasi ilitiwa sahihi mwezi wa tatu barazani kwa Sultani Lomoro. Asiyekujua kwetu asidanganyike na cheo hicho: sultani wa kwetu ni chifu mwenye fimbo, baiskeli na kesi za mbuzi. Watu walijaa. Bwana Fortunato akasoma kwa Kiarabu, nami nikapewa kazi ya kuwatafsiria wanawake, kwa kuwa wengi wao walikulia Uganda na Kiarabu kilikuwa kimewakauka.

Alipofika kwenye "magunia ishirini ya ruz" nikamsimamisha.

"Ruz ipi, bwana?"

"Ruz ipi vipi?"

"Katika lugha yetu, ikiwa shambani na ndani ya ganda lake ni mpunga. Ukiitwanga ni mchele. Ukiipika ni wali. Karatasi inataka ipi?"

Akawageukia watu, akavuta mkanda wa suruali juu kama alivyozoea akitaka kuchekesha. "Mnawasikia hawa waliotoka Uganda? Kitu kimoja, majina matatu. Ndiyo maana kazi zao haziishi, asubuhi mpaka jioni wanaita majina."

Baraza zima likacheka. Sultani Lomoro alicheka mpaka akashika mbavu.

"Binti," mufatish akaniambia, "ruz ni ruz. Tafsiri."

Nikatafsiri. "Magunia ishirini ya mpunga," nikawaambia wanawake, na madole gumba kumi na saba yakachovywa kwenye wino.

Sikuteleza. Nilichagua. Morogoro mavuno tuliyapima yakiwa mpunga, na mtu akikuachia jina wazi, unaweka unalolijua. Lakini sikuwaambia wanawake kwamba nimechagua, na hapo ndipo walipokuja kunikamata baadaye.

Sasa mtu asidhani magunia yalitoka kwenye karatasi. Mwezi wa nne tulijenga matuta ya majaruba kwa majembe na mikono. Mwezi wa tano tukamwaga mbegu kitaluni. Mwezi wa sita tukapandikiza miche, mistari tumeipima kwa kamba, migongo imepinda tangu jua linapotoka. Gune, aliyekuwa na mdomo mkali kuliko sisi sote, aliimba matusi ya kuwatukana wakwe zake ili tusisikie maumivu. Mpunga ulipoanza kutunga maziwa wakaja kwelea kwelea, wingu zima. Tukaamia ndege wiki tano, makopo yamefungwa kwenye kamba, sauti zimetupotea. Alfajiri moja kiboko alipita katikati ya jaruba la tatu kana kwamba ni barabara ya serikali, na tukapandisha tuta upya siku hiyo hiyo.

Mwezi wa kumi na moja tukavuna. Tukakata masuke kwa visu, tukapura kwenye mikeka, tukaanika. Niliwafundisha kupima ukavu kwa meno: punje ikibonyea, bado, ikivunjika kwa mlio mmoja, tayari. Siku nne Rejaf nzima ilikuwa inasikika kama panya wanatafuna. Tulipomaliza kupepeta na kushona magunia, Mama Teresina akayahesabu mara tatu akigusa kila moja kichwani kama mtoto.

"Gunia ishirini na tatu," akasema. "Sisi iko na shamba."

Alhamisi, siku mbili kabla ya siku yenyewe, mufatish akaja na Albino. Akafungua gunia la kwanza, akatia mkono, akaziacha punje zianguke taratibu kati ya vidole.

"Hii nini?"

"Ruz," akasema Gune. Neno hilo la Kiarabu alilijua.

"Ruz ni nyeupe. Hiki ni chakula cha kuku." Akapangusa mkono kwenye leso. "Jumamosi nakuja na Sultani na wageni wawili wa ofisini. Nataka magunia ishirini ya ruz ya kula. Albino, pima."

Albino alikuwa amekwishakuja na kamba na vigingi. Akaanza kuvipigilia kwenye tuta la jaruba letu la kwanza, tok, tok, tok, na sisi tumesimama.

Walipoondoka, wanawake kumi na sita wakanigeukia.

Gune ndiye aliyeanza. "Yeye alisema ruz, wewe ukasema mpunga. Nani alikutuma?"

"Nilimuuliza. Alikataa kujibu."

"Basi ungetuambia kwamba amekataa kujibu. Tungeondoka na madole gumba yetu masafi."

Alisema kweli. Mama Teresina hakunigombeza. Alikaa juu ya gunia, ule mguu wenye dole bovu ameunyosha, akatazama vigingi vya Albino.

"Kesho tunatwanga," akasema.

"Mama, hesabu haikubali. Gunia la mpunga ukilitwanga linatoa nusu gunia la mchele, na vumbi. Tukitwanga yote hatufiki hata kumi na mawili."

"Diploma yako hiyo," Gune akaniambia, "ina mpini? Kama inao, ilete kesho tutwangie."

Ijumaa kabla ya jua kutoka vinu vitano vilikuwa vimepangwa uwanjani. Wanawake watatu kwa kila kinu, michi inapishana bila kugongana, na wawili wanaobaki wanapepeta. Mimi nilitwanga kama wengine, viganja vyangu vya shule vikatoka malengelenge, yakapasuka. Pumba ziliruka zikatufanya wote vizee wenye mvi. Mchele ulikuwa mzuri, Mungu ni shahidi. Chenga kidogo, chuya chache, mweupe wa kung'aa. Lakini gunia la kwanza lilipotwangwa lote, kilichobaki hakikufika nusu. La pili hivyo hivyo. La tatu tulilimaliza alasiri, na mchele wa yote matatu ulijaza gunia moja na kufunika chini ya la pili.

Mama Teresina akashika uzi wa gunia la nne.

"Mama, weka hilo chini," nikasema.

"Nani anamwambia nani?"

"Yamebaki ishirini. Ishirini kamili ya mpunga. Ukikata uzi huo, kesho hatutakuwa na ishirini ya mpunga wala ishirini ya mchele. Tutakuwa na pumba nyingi na Albino."

Michi ikanyamaza. Gune akajifuta uso kwa kanga. "Na usipoukata, kesho mufatish anasema chakula cha kuku. Ni yale yale."

"Si yale yale. Ishirini ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi. Kesho mniachie mimi niongee."

"Wewe ndiye uliongea mara ya kwanza," akasema Gune.

"Ndiyo. Na sijamaliza."

Mama Teresina alinitazama. Alikuwa mtu aliyekwishaambiwa maneno mengi na watu wengi waliosoma: kwamba vita havitafika, kwamba kambini ni mwezi mmoja tu, kwamba nyumba yake itamsubiri. Kisu kilikuwa mkononi, kimegusa uzi.

"Keji," akasema, "mimi sina msimu mwingine ndani ya mgongo huu."

"Najua, Mama."

Akakirudisha kisu kiunoni. "Twendeni tuoge. Tunanuka kama ghala."

Jumamosi walikuja kwa Land Rover, Bwana Fortunato, Sultani Lomoro na mabwana wawili wa ofisini wenye kofia. Nusu ya Rejaf ilikuja kwa miguu, kwa sababu habari ya watu kunyang'anywa shamba inatembea kuliko gari. Albino alisimama kando ya vigingi vyake na kamba begani.

Magunia ishirini yalikuwa yamepangwa mistari miwili. Mbele yake niliweka mkeka, na juu ya mkeka vitu vitatu: ungo wa mpunga, kibuyu cha mchele, na sufuria ya wali uliokuwa bado unatoa mvuke.

Mufatish hakuutazama mkeka. Akapiga teke gunia la kwanza, akawaambia wageni kwa Kiarabu, "Maganda. Wamewaletea maganda."

Nikajibu kwa Kiarabu hicho hicho, maana nakijua vizuri, ila sikiabudu. "Bwana mufatish, kabla hujayakataa, tusaidie jina. Hiki kilichomo kwenye kibuyu kinaitwaje?"

"Ruz, bila shaka."

"Na hiki kwenye sufuria?"

"Ruz. Unanipotezea wakati."

Nikainua ungo nikamsogezea karibu na mikunjo ya shati lake. "Na hiki?"

Akachukua punje moja. Akaibana kwa kucha.

"Ni maganda," akasema.

"Ganda la nini?"

"La ruz."

"Na ndani ya ganda kuna nini?"

"Ruz."

"Na vyote kwa pamoja, ganda na kilichomo, kama kilivyotoka kwa Mungu, vinaitwaje? Mimi katika lugha yangu ya askari ninalo jina. Nipe la kwako."

Watu wakaanza kusogea. Mgeni mmoja, mwenye kofia kubwa zaidi, akataka kumsaidia. "Tunaweza kusema ruz ya shamba," akasema.

"Ruz?" nikamuuliza.

"Eeh. Ruz."

Kicheko kikaanzia nyuma, kwa wanawake waliobeba kuni. Bwana Fortunato akapandisha sauti. "Karatasi ilimaanisha ruz ya kula. Kila mtu mwenye akili anajua."

"Karatasi haikusema. Ndiyo maana nilikuuliza mwezi wa tatu, mbele ya Sultani na mbele ya watu hawa. Nilikuuliza ruz ipi. Ulinijibu nini?"

"Sikumbuki."

"Mimi iko nakumbuka," akasema Gune.

Akatua kuni zake. Akasogea katikati, akavuta juu mkanda ambao hakuwa nao, akatoa kifua, na kwa sauti ya mufatish yenyewe, na kwa Kiarabu ambacho tulidhani hakijui, akasema: "Binti, ruz ni ruz. Tafsiri."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kilipita uwanjani, kikarudi, na kiliporudi kilikuwa kimeshika maneno. Mzee mmoja alisema ruz ni ruz. Wanawake wakadakia. Watoto wakaanza kuruka nalo, ruz ni ruz, ruz ni ruz, mpaka yule mgeni mwenye kofia kubwa akainamisha uso akajidai anakohoa.

Sultani Lomoro akagonga fimbo chini. Ilichukua muda.

"Siku ile nilicheka," akasema. "Nilicheka kuliko wote, ubavu uliniuma hadi kesho yake. Siwezi kucheka mwezi wa tatu halafu mwezi wa kumi na mbili niseme sikusikia." Akamgeukia shemeji mtu. "Albino, wewe una kamba, basi unapenda kupima. Hesabu magunia."

Albino akamtazama mufatish. Mufatish akatazama mto.

"Hesabu, kwa sauti," Sultani akasema.

Akahesabu. Alipofika kumi na tano sauti ilikuwa imeshuka, na watu wakamsaidia. Kumi na sita. Kumi na saba. Lile la ishirini tulilitamka pamoja, na Mama Teresina hakulitamka, alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono miwili. Sultani akaomba wino. Akaiweka karatasi mgongoni kwa Albino, kwa kuwa hapakuwa na meza, akatia sahihi.

Vigelegele vilianza na vikakataa kwisha. Mama Teresina hakucheza. Alichechemea hadi kwenye tuta la jaruba la kwanza, akaking'oa kigingi cha Albino, akakipiga gotini kutoa udongo, akaenda kwenye cha pili. Alizunguka bonde zima peke yake, hatua kwa hatua, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Aliporudi alikuwa na mzigo mzima kifuani. Akausukuma chini ya sufuria kubwa ya samaki tuliyoibandika pembeni.

"Kavu," akasema. "Ametuchagulia mti mzuri."

Tukapakua. Wali tuliupakua kwa kila aliyekuja, na wageni wa ofisini wakapewa mwanzo, kwa sababu sisi si watu wa kulipiza kwenye chakula. Yule wa kofia kubwa alikula sahani mbili, akauliza mbegu tuliitoa wapi na kama tunaweza kuwafundisha watu wa bonde la pili mwaka ujao. Mama Teresina akamjibu kwamba ataliuliza baraza la wanawake. Hatukuwa na baraza. Tulilianzisha dakika ile.

Bwana Fortunato hakula. Alisimama kando ya gari, na nilipopita na maji ya kunawa akaniambia kwa sauti ya chini, "Umeshinda kwa maneno tu."

Mimi sikushusha sauti. "Tumeshinda kwa mgongo, bwana. Maneno yamezuia tu usituibie. Mtu asiye na jina la mpunga hana haki ya kuukataa."

Wote walisikia. Hata Albino alisikia, na alikuwa mbali, anakula.

Uso wa mufatish ukabadilika rangi. Akamwita Sultani, akawaita wageni, akasema kwamba mimi ni mtumishi wa chini yake na nimemwita mwizi mbele ya umma, na kwamba hataondoka hapo kabla sijaomba radhi mbele ya umma huo huo.

Sultani Lomoro alikuwa ameshiba na alitaka siku iishe vizuri. Akanishika kiwiko, akaniongoza hatua mbili pembeni. "Binti yangu, shamba mmepata. Karatasi iko mfukoni mwangu, hakuna wa kuibadilisha. Huyu ni mkubwa wako. Sema malesh, neno moja, lipite mdomoni tu, halafu twende nyumbani."

"Na asipolisema," Bwana Fortunato akasema, "Jumatatu asije ofisini."

Gune akaacha kutafuna. Mama Teresina alisimama na mwiko mkononi. Alijua kazi ile niliisomea miaka mitatu mbali na mama yangu, akanitazama kama mtu anayesema, hili ni lako, sisi hatukusukumi.

Nikaweka chini birika la maji. Nikamgeukia mufatish, na safari hii nikasema kwa Kiswahili, polepole, neno moja moja, Mama Teresina akinitafsiria nyuma yangu kwa Kiarabu chake cha kuokoteza.

"Niliuliza, ukacheka. Tulilima, ukaleta kamba. Ofisi ni yako, kaa nayo. Radhi siombi."